Nilipofika Kileleni Sikuiona Barafu

Picha ninayo. Nimesimama chini ya kibao cha Uhuru, kileleni Kilimanjaro, kofia imenishukia mpaka kwenye nyusi, midomo imepasuka, na nyuma ya bega langu kuna kitu cheupe kirefu kama ukuta. Watu wakiiona huuliza, "Hiyo ndiyo barafu yenyewe? Ikoje?" Kwa muda mrefu nilikuwa najibu "nzuri sana," halafu nabadilisha mazungumzo. Sikuwa na la kusema. Nakumbuka kichwa kilivyokuwa kinagonga. Nakumbuka visigino vya mtu niliyemfuata usiku kucha. Nakumbuka kiongozi wetu akisema, "Dada, picha moja tu, tushuke." Barafu niliyoipandia mlima siku sita sikuitazama hata dakika mbili.

Huo ulikuwa mwaka 2014, na kosa halikuwa la kiongozi. Usiku ule nilimdanganya. Tulipokuwa tunajiandaa kutoka Kambi ya Barafu saa sita za usiku (jina lisikudanganye, pale kwenye mita 4,673 hakuna barafu yoyote, ni mawe, vumbi na upepo wa kung'oa hema) aliniuliza kama kichwa kinauma. Nikasema hapana. Kilikuwa kinauma tangu jioni, na chakula nilikuwa nimekwenda kukimwaga nyuma ya mawe ili wagumu wasione. Wagumu ndivyo wapagazi wa Kilimanjaro wanavyojiita, na jina wamelistahili. Niliogopa kurudishwa. Nilikuwa nimetumia akiba yangu yote, nimeaga watu wote, nikajiambia kichwa ni kichwa tu.

Kule juu kichwa si kichwa tu. Kwenye mita 5,895 kanieneo ya hewa imeshuka kiasi kwamba kila pumzi inakupa karibu nusu ya oksijeni ambayo ungeipata ufukweni. Mwili unaweza kujifunza kuishi hivyo ukipewa siku za kutosha. Ukikimbizwa, kwa baadhi ya watu maji huanza kuvuja mapafuni au kwenye ubongo, na hapo hakuna dawa inayoshinda kushuka. Mtu anayeyumba kama amelewa na kushindwa kupita kwenye mstari ulionyooka hajadiliwi, anashushwa hata kama ni saa tisa za usiku na kilele kinaonekana. Mimi niliishia kwenye maumivu na kutapika. Lakini yalitosha kuniibia macho. Kutoka Stella Point, ukingoni mwa kreta (shimo la volkano kule juu), kwenda Uhuru, upande wa kushoto kuna barafu za kusini zinazoning'inia mtelemkoni, upande wa kulia kuna bonde la kreta. Nilipita katikati ya vyote hivyo nikitazama ncha za viatu vyangu.

Siku iliyofuata, tukiwa tunakunywa chai Kambi ya Mweka, nikamlalamikia kiongozi kwamba tulikaa juu muda mfupi mno. Akacheka kidogo. "Dada, wewe ulifuata barafu au ulifuata kibao?"

Swali hilo lilinikaa. Nikaanza kusoma. Nikajua kwamba Afrika nzima ina milima mitatu tu yenye barafuto, yaani barafu ile inayodumu mwaka hadi mwaka, iliyojijenga kwa theluji kulalia theluji mpaka ikabanana na kuwa kitu kigumu kinachotambaa kwa uzito wake chenyewe: Kilimanjaro, Mlima Kenya na Rwenzori, ile ya mpakani mwa Uganda na Kongo. Nikasoma habari za Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyeuona mlima wetu Mei 1848 na kuandika kwamba ameona theluji, wasomi wa London wakambeza. Theluji karibu na ikweta? Ila aliyenivutia zaidi ni mwenyeji aliyekuwa anamwongoza Rebmann. Weupe ule yeye aliuita kwa neno moja tu, ambalo mmisionari aliliandika "beredi." Baridi. Hakuwa na haja ya nadharia. Alikiita kitu kwa jina la kile kinachomfanyia mtu.

Nikajua pia kwamba nina haraka kwa sababu ya haki. Ramani iliyochorwa mwaka 1912 inaipa Kilimanjaro barafu ya kilomita za mraba kama 12. Vipimo vya mwaka 2011 vilikuta chini ya mbili.

Basi mwaka 2017 nikaenda Mlima Kenya, safari hii si kwa ajili ya kilele, nikiwa na ramani ya zamani niliyopewa na rafiki. Tulipanda kwa njia ya Naro Moru, tukapita ile sehemu ya matope ya kupanda ambayo kila aliyeipita ana tusi lake la kuielezea, tukalala Kambi ya Mackinder kwenye Bonde la Teleki, halafu tukapanda mpaka Austrian Hut, mita 4,790. Kwenye ramani yangu, barafu ya Lewis ilikuwa ulimi mnene mweupe unaoshuka kati ya vilele vya Nelion na Lenana. Nikatoka nje ya kibanda na ramani mkononi kama mtu anayetafuta nyumba ya mjomba kwa maelezo ya barua. Mbele yangu palikuwa na bonde la kijivu la kokoto, kidimbwi, na juu yake kipande cha barafu chenye rangi ya shuka kuukuu.

"Hiyo ramani yako ni ya kitambo sana," kiongozi wa pale akaniambia. "Hapa penye tumesimama, wazee wetu walikuwa wanafunga meno ya chuma kwa viatu ndio wavuke."

Lewis ni kati ya barafu za tropiki zilizopimwa kwa muda mrefu kuliko nyingine zozote. Kati ya 1934 na 2010 ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake. Halford Mackinder alipofika kilele cha Batian mwaka 1899, mlima ule ulikuwa na barafu 18. Jirani yake Lewis, iliyokuwa inaitwa Gregory, haipo tena. Nilikuwa nimezisoma tarakimu hizi kabla ya kwenda. Kuzisoma hakukunizuia kukasirika, tena hasira ya kitoto, kama mtu aliyesafiri usiku kucha kwenda msibani akakuta ndiyo siku ya arobaini na watu wanakunja mikeka.

Nilitaka niiguse hivyo hivyo ilivyo. Hapo ndipo nilipopata funzo ambalo sijalikuta limeandikwa mahali pengi: ardhi iliyoachwa na barafu ni mbaya kuliko barafu yenyewe. Barafu ina uso, unaiona, unafunga vifaa, unaiheshimu. Lakini ule mteremko wa kokoto iliyoachwa nyuma haujatulia. Jiwe kubwa kama kabati linaweza kuwa limekalia changarawe tu. Mahali pengine chini ya tabaka la mchanga kuna barafu nyeusi iliyojificha, na mimi niliikanyaga nikidhani ni udongo. Nilikwenda chini mita kama tano kwa makalio, suruali ikachanika, kiganja kikachubuka mpaka nikaona nyama. Kiongozi alinitazama bila kusema neno, akachomoa kitambaa, akaufunga mkono. Niliosha damu kwenye kidimbwi. Maji yake yalikuwa ya kijivu mithili ya maji yaliyooshewa sufuria ya uji. Ni unga wa mawe, barafu huyasaga ikitambaa.

Tangu siku hiyo ramani naichukulia kama habari za mtu aliyehama. Ninamuuliza aliyepita pale msimu huu, si mwaka juzi, na ninamuuliza maswali ya kijinga kabisa: unavukia wapi, unafika saa ngapi, maji mnachota wapi. Kwa Lenana nilipanda alfajiri iliyofuata, mita 4,985, jua likatoka vizuri, sina zaidi la kusema.

Rwenzori ndiyo iliyonifundisha.

Niende moja kwa moja kwenye vifaa, kwa sababu hapo ndipo ilikuwa karibu safari iharibike. Rwenzori huwezi kufika kwenye barafu kwa viatu vya aina moja. Siku za mwanzo, kutoka Nyakalengija kupitia Nyabitaba na kibanda cha John Matte, unatembea kwa mabuti ya mpira, yale yale ya mkulima wa mpunga, kwa sababu Bigo ni dimbwi na juu ya Bigo kuna dimbwi jingine. Mvua pale haina msimu wa kweli. Kuna miezi ya mvua na miezi ya mvua zaidi. Lobelia, mimea ya mlimani, zinasimama kwenye ukungu kupita kimo cha mtu, kuvumwani inayoota kwenye miti inaning'inia kama ndevu, na wewe kazi yako ni kuchagua kisiki cha majani cha kukanyaga. Ukifika kibanda cha Elena, mita 4,541, ndipo unavua mabuti na kuvaa viatu vya mlima, na juu yake unafunga meno ya chuma.

Meno yangu nilikuwa nimeyakodi mjini kabla ya safari. Aliyenikodisha aliyaweka kwenye mfuko, akaniambia yanamfaa kila mtu, nami nikaubeba mfuko siku nne bila kuufungua. Nikaufungua Elena, saa tatu usiku, kwa mwanga wa tochi. Yalikuwa ya viatu vyenye soli ngumu isiyokunjika. Vyangu vilikuwa laini. Yanaingia, yanafungika, na ukipiga hatua tatu yanachomoka.

Kiongozi wangu, mtu wa makamo wa kabila la Wakonzo, wenyeji wa Rwenzori, aliyejifunza Kiswahili upande wa Kongo, alikishika kiatu, akakikunja kwa mikono miwili, akakirudisha chini.

"Mama, hii itakutoka kwenye mlima. Na ikitoka, wewe pia unatoka."

Ilibidi mmoja wa wasaidizi wake anivulie yake, abaki kibandani. Kijana yule alikuwa amepanda siku nne kama mimi, na kazi yake ya siku ya tano nikaichukua kwa sababu sikujaribu kitu sebuleni kwangu. Hakunilaumu. Ningependelea angenilaumu.

Tuliondoka saa nane za usiku tukiwa watatu kwenye kamba moja. Kamba inabadilisha mwendo wa mtu. Ukifupisha hatua, wa nyuma anafupisha. Ukisita, wote mnasita. Kule kwenye Uwanda wa Stanley barafu ni tambarare karibu, na sauti pekee ni meno yanavyouma: kwach, kwach, kwach. Nilipozima tochi kidogo niliona barafu ina mwanga wake hafifu, kama chokaa ya ukuta usiku. Safari hii kichwa hakikuuma. Nilikuwa nimelala kila kibanda, nimekunywa maji kupita kiu, na kila jioni kiongozi alipouliza nilisema kweli, hata siku nilipokuwa na kichefuchefu kidogo tu.

Kupambazuka kulitukuta chini ya barafu ya Margherita, ile inayopanda kuelekea kilele cha mita 5,109. Duke wa Abruzzi, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, aliupanda mwaka 1906 na kukipa kilele jina la malkia wa kwao. Barafu alizoziona yeye zilitawanyika juu ya milima sita. Mimi nilikuwa natazama mtelemko mchafu, wa kijivu, wenye mistari myeusi, na chini yake nilisikia kitu ambacho sikukitarajia. Maji. Barafu nzima ilikuwa inanong'ona maji.

Wakonzo wanaifahamu barafu hii kuliko aliyewahi kuja kuipima. Hata ufalme wao, Rwenzururu, umebeba theluji ndani ya jina. Nilimuuliza kiongozi njia inapita wapi. Akanyoosha shoka lake la barafu.

"Zamani tulipita kule. Halafu kule kukafunguka shimo, tukaweka ngazi. Sasa hata ngazi haifiki. Barafu iko inakimbia, mama. Kila safari tunaitafuta njia upya."

Akatuacha tumekaa juu ya mikoba yetu, akaenda peke yake kwa urefu wa kamba kuupima ufa uliokuwa mbele. Juu ya ufa kulikuwa na daraja la theluji iliyoanguka juzi. Alilipiga kwa mpini wa shoka. Akasogea, akalipiga tena. Alichukua kama dakika arobaini, na katika dakika hizo, kwa kuwa sikuwa na la kufanya ila kukaa, ndipo kwa mara ya kwanza maishani nikaitazama barafu.

Nitasema nilichokiona. Kwenye mdomo wa ufa, pale ilipokatika, barafu ilikuwa na matabaka, mepesi na mazito, kama keki iliyokatwa kwa kisu butu. Kila mstari mweusi ni vumbi la kipindi cha ukame kilichokatisha theluji. Juu ilikuwa nyeupe kwa sababu imejaa hewa. Kadiri inavyoshuka ndivyo mapovu yanavyobanwa mpaka yanatoweka, na rangi inageuka, kwanza ya maziwa yaliyochanganywa maji, halafu samawati, halafu bluu ambayo sijaiona kwenye kitambaa chochote. Barafu nene hula wekundu wa mwanga na kurudisha ubuluu. Hilo nililijua kabla. Sikujua kwamba bluu ile inaonekana kama inatoka ndani, kama kuna mtu amewasha taa huko chini na kusahau kuizima. Ukingo wake ulikuwa unadondosha tone moja baada ya jingine, na nikajikuta nahesabu nafasi kati ya tone na tone. Jua lilipotoboa ukungu, nafasi ikapungua.

Kiongozi akarudi, akatikisa kichwa. "Leo hapana."

Kilikuwa kimebaki kipande kisichofika mita mia mbili kwenda juu. Mwenzangu kwenye kamba alitaka kubishana. Namshukuru Mungu sikuwa mimi, kwa maana mwaka 2014 ningekuwa mimi. Tuligeuka. Kwenye kitabu cha wageni safu ya kilele niliiacha wazi. Ukiniuliza leo barafu ikoje, ninaanza kueleza Rwenzori, na kwa kawaida huwa unachoka kunisikiliza kabla sijamaliza.

Kitu kimoja cha kuchekesha: nilirudi chini nimeungua chini ya kidevu na ndani ya matundu ya pua. Nilikuwa nimepaka mafuta ya jua usoni vizuri, paji, mashavu, masikio. Barafu inarudisha jua kutoka chini, hata siku ya ukungu. Miwani ya giza nilivaa kwa kulazimishwa, kiongozi alikataa kufunga kamba mpaka niivae, nami nikadhani anatia chumvi. Siku mbili baadaye mwenzangu, aliyeivua ili apige picha, alikuwa anatokwa machozi kama aliyemenya vitunguu gunia zima. Na betri za kamera zilale nawe ndani ya begi la kulalia, la sivyo asubuhi utakuwa na kamera nzito isiyofanya kazi.

Mwaka 2022 nikampigia simu yule kiongozi wa Kilimanjaro. Nikamwambia nimekuja kujibu swali lake. Alicheka, halafu akaweka masharti: siku nane, si sita. Kilele tupande mchana, si usiku. Tulale kwenye kreta, mita kama 5,700, ili asubuhi tuwe na muda. Na hatupiti Western Breach.

Hilo la mwisho nililiuliza, kwa sababu ndiyo njia fupi ya kuingia kreta. Akanikumbusha Januari 2006, mawe yalipoporomoka kwenye njia ile na kuua wapandaji watatu Wamarekani. Barafu ni gundi ya mlima, akasema. Ikiachia, mawe iliyoyashika kwa maelfu ya miaka yanaachia pia. Wapo wanaopita bado, alfajiri kabla jua halijagusa mawe, na hakuwa na neno baya juu yao. Yeye hapiti.

Mimi nikaweka sharti langu moja, na ninalitaja kwa sababu sikulijua mara ya kwanza. Mgeni akilala kreta, wagumu nao wanalala kreta. Maji yote wanapanda nayo migongoni, kwani hata Kambi ya Barafu haina maji, yanatoka Bonde la Karanga. Niliomba nione mabegi yao ya kulalia kabla hatujaondoka getini. Mawili yalikuwa membamba kama kanga. Tukakodi mengine. Anayetaka kulala kule juu na hajauliza hilo, heri alale chini.

Usiku wa kreta sikuulala. Kichwa kilianza saa mbili, nikasema mara hiyo hiyo. Kiongozi akanibana kidole na kile kipimo cha oksijeni, akaniuliza jina la siku, akanitembeza kisigino kwa ncha ya kiatu kutoka hema hadi hema. "Tunaangalia tena saa sita. Ukitapika, tunashuka." Sikutapika. Saa kumi na moja na nusu alinigongea.

Tulitembea taratibu kwenye mchanga wa volkano kuelekea Barafu ya Kaskazini. Nilikuwa natarajia Rwenzori, nikakuta kitu kingine kabisa. Ukuta uliosimama wima kutoka mchangani, zaidi ya mara kumi ya urefu wangu, wenye mikunjo kama pazia. Na mkavu. Hakuna kijito, hakuna tone, hakuna sauti. Mchanga wa miguuni mwake ulikuwa wa kutimua vumbi. Kule Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, baridi ni kali kiasi kwamba sehemu kubwa ya barafu haiyeyuki. Jua linaipiga na hewa kavu inaila, inageuka mvuke bila kupitia kuwa maji. Theluji mpya ingeifunika na kulirudishia jua mwanga wake, lakini theluji imekuwa haba. Rwenzori barafu inakufa ikilia. Kibo inakauka kimya. Na ndiyo maana huwa nawasahihisha wanaosema barafu hii ndiyo inayojaza mito ya Kilimanjaro: maji mengi ya mlima ni ya mvua ya msituni, na msitu ukikatwa hakuna barafu itakayouokoa mfereji wa mtu.

Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State na wenzake walitoboa barafu za Kibo na kutoa nguzo sita. Sehemu ya chini kabisa waliikadiria kuwa na miaka 11,700 hivi. Walikadiria pia kwamba barafu yote ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Nilikuwa nimesimama mbele yake 2022 na bado ilikuwapo, imekatika vipande viwili tangu 2012, lakini ipo. UNESCO mwaka huo huo ikasema ifikapo 2050 haitakuwapo. Sijui kwa nini kuchelewa kule kulinifurahisha, kama mgonjwa aliyemkatalia daktari.

Niliukaribia ukuta, si sana, vipande huanguka. Nikavua glavu na kuweka kiganja, kile kile chenye kovu la Mlima Kenya. Kikanata. Nikakibandua polepole. Tulikaa pale saa nzima. Jua lilipofika kwenye ukingo wa juu, mstari wa dhahabu ukaanza kushuka kwenye mikunjo, na barafu ikatoa mlio mmoja, tak, kama kiungo cha mzee anayenyanyuka kwenye kiti.

Kiongozi alikuwa amerudi nyuma mpaka kwenye jiwe moja jeusi lililokaa peke yake mchangani. Aliweka kisigino dhidi ya jiwe na kuanza kutembea kuja ukutani, hatua za kawaida, midomo ikitembea. Alipofika karibu yangu alisimama.

"Ishirini na tatu," akasema.

"Na mara ya kwanza?"

"Nilipoanza kazi? Tisa."

Akatoa daftari dogo kwenye mfuko wa ndani wa koti, lile la mistari la wanafunzi, limefungwa kwa mpira. Kalamu ilikuwa imeganda. Akaipulizia, akaisugua kwenye kiganja, akaijaribu pembeni mwa ukurasa mpaka wino ukatoka, akaandika tarehe na namba. Halafu akanipa daftari nishike wakati anavaa glavu.